Namba ya Dokta: niliyojifunza nikihesabu marejeleo ya mtafiti wa ubongo

Mimi ni mkutubi, kitengo cha utafiti, katika chuo kimoja cha afya hapa Tanzania. Msimu wa kupandisha vyeo ukikaribia, wahadhiri wanaokuja mezani kwangu huwa wengi kuliko wanafunzi wanaotafuta vitabu, na wote wanataka kitu kimoja: h-indeksi, namba inayopima makala za mtafiti kwa mara zilivyorejelewa, yaani kutajwa katika makala za wengine. Wengine hawajui inapatikanaje. Wanachojua ni kwamba fomu ina kisanduku chake, na kisanduku hakiachwi wazi.

Aliyenifanya niielewe kazi hii ni daktari bingwa wa mishipa ya fahamu, mwanamke aliyeanza kufuatilia kifafa vijijini kabla mimi sijaajiriwa. Nitamwita Dokta, inatosha. Alikuwa anaomba uprofesa mshiriki. Aliingia na koti lake jeupe mkononi akaniambia, "Mdogo wangu, nitolee hiyo namba yangu haraka, nina wagonjwa wananisubiri." Alidhani ni kama kuangalia salio la simu.

Nikafungua kanzidata tatu zinazohesabu marejeleo, zikanipa namba tatu. Web of Science ilikuwa na mkono wa birika kuliko zote, Scopus ikaongeza kidogo, Google Scholar ikanipa karibu maradufu ya ile ya kwanza. Hakuna iliyodanganya. Web of Science ni mtoto wa faharasa ya marejeleo aliyoianzisha Eugene Garfield kule Philadelphia miaka ya 1960, nayo huhesabu majarida iliyoyachuja yenyewe. Scopus, ya kampuni ya Elsevier, ilianza 2004 na inachukua majarida mengi zaidi. Google Scholar ilianza mwaka huohuo, na yenyewe huokota chochote chenye sura ya maandishi ya kitaaluma: tasnifu, ripoti za miradi, makala ambazo bado hazijapitiwa na wahakiki. Makala za mwanzo za Dokta zilitoka katika majarida ya huku kwetu, yale ambayo ukiyataka unaenda African Journals Online, hazina iliyoanza 1998 ili majarida ya bara hili yaonekane. Kwa mchujo wa Web of Science nyingi ya hizo hazipo. Na aliyezirejelea, kama naye ameandika katika jarida la huku, rejeleo lake nalo halipo. Mtu anapunjwa mara mbili kwa sababu ileile.

Ila kabla ya kujadili namba ipi iaminiwe, ilibidi kwanza tumpate Dokta mwenyewe. Tuseme anaitwa Asha Juma Hamisi, maana jina lake halisi silitaji. Juma ni baba yake, Hamisi ni babu, na kati ya hayo hakuna la ukoo kwa maana waliyokuwa nayo waliozitengeneza kanzidata. Jarida moja lilimwandika Hamisi A.J. Jingine likamwandika Juma A. La tatu, baada ya mhariri kumbana ataje jina la familia, likamwandika kwa jina la mumewe. Kwa hiyo Scopus ilikuwa na wanawake watatu, kila mmoja na makala zake chache na h-indeksi yake ya kusikitisha. Google Scholar ilikuwa imekosea upande wa pili: wasifu wake ulikuwa umewameza akina A. Hamisi wengine, na makala iliyokuwa ikirejelewa kuliko zote katika orodha yake ilihusu uimara wa zege. Dokta alicheka mpaka akavua miwani. "Kumbe najenga na madaraja!"

Tuliiondoa zege, jumla ya marejeleo ikashuka vibaya. Tukawaandikia Scopus wawaunganishe wale watatu, h-indeksi ikapanda. Nikamfungulia ORCID, ile namba ya tarakimu 16 ya kumtambulisha mtafiti, inayotolewa bure tangu 2012. Siku hizi kijana yeyote anayeniletea makala yake ya kwanza namuuliza jina lake ataliandikaje maisha yake yote. Wengine hudhani nawachimba. Akina Mushi na Massawe, wenye jina la ukoo, hawapati shida hii sana. Sisi wa pwani, tunaobeba majina ya baba na babu, tunaipata kila siku.

Hesabu yenyewe ya h-indeksi ni nyepesi. Aliyeipendekeza, mwaka 2005, ni Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Unazipanga makala za mtu kuanzia iliyorejelewa zaidi. Tuseme ni mara 48, 30, 17, 9, 6, 5 na 3. Unateremka ukihesabu mpaka nafasi ya makala izidi marejeleo yake: makala ya tano ina marejeleo 6, inapita, ya sita ina 5, haifiki. Basi h ni 5. Sasa hiyo 48 ibadilishe iwe 4,800. h bado ni 5. Na h haishuki. Mtu akistaafu, akaenda kulima matikiti Bagamoyo, namba yake inaendelea kupanda bila yeye kushika kalamu.

Katika kikao cha awali cha kamati ya kupandisha vyeo mjumbe mmoja, mtu makini na mwenye nia njema, alikuja na makala ya Hirsch mkononi, imepigiwa mstari. Imeandikwa humo kwamba h ya karibu 12 yaweza kumfaa mtu wa kuthibitishwa kazini kama profesa mshiriki, na 18 profesa kamili. Ni kweli imo. Lakini Hirsch alikuwa anawazungumzia wanafizikia wa vyuo vikubwa vya utafiti vya Marekani, na makala hiyohiyo inaonyesha kwa nini kipimo hicho hakivuki mpaka wa fani. Mwanafizikia aliyeongoza katika orodha yake, Edward Witten, alikuwa na 110. Katika sayansi za uhai aliyeongoza alikuwa na 191, naye ni mtu wa ubongo: Solomon Snyder wa Johns Hopkins, ambaye mwaka 1973, yeye na mwanafunzi wake Candace Pert, walionyesha kuwa ubongo una vipokezi vinavyopokea dawa za jamii ya afyuni. Hiyo 191 haisemi kwamba Snyder alimzidi Witten akili. Inasema watafiti wa uhai ni wengi, wanaandika kwa kasi, na mwisho wa kila makala wanaorodhesha marejeleo mengi.

Na ndani ya sayansi ya ubongo yenyewe mambo hayalingani. Anayechunguza Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ana wenzake maelfu duniani, wenye fedha, wanaosomana kila wiki. Anayechunguza konzo ana wenzake wangapi? Konzo ni ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla na kwa kudumu, hasa watoto na kina mama, kwa watu wanaoishi kwa mihogo michungu isiyolowekwa ya kutosha, wakati wa ukame au vita. Kongo wanaujua vizuri, Msumbiji pia, na hapa Tanzania ulichunguzwa, matokeo yakatoka katika jarida la Brain mwaka 1990. Makala nzuri kabisa juu ya konzo inasomwa na watu ambao ukiwaita semina wanaenea darasa moja. Ukiiweka kando ya makala ya kawaida tu ya Alzheimer na kulinganisha marejeleo, umelinganisha ukubwa wa madarasa.

Wapo waliojaribu kulirekebisha hilo. Taasisi ya Taifa ya Afya ya Marekani ina kipimo kiitwacho uwiano wa marejeleo, kilichoelezwa katika makala ya 2016, na chombo chake, iCite, kiko wazi bila malipo. Kinaitazama makala pamoja na zile zinazorejelewa kando yake, yaani majirani zake halisi, halafu kinaipa alama. Alama 1 ni sawa na makala ya kati ya zile zinazofadhiliwa na taasisi hiyo. Niliziingiza makala za Dokta zilizomo PubMed, kanzidata ya makala za tiba. Moja ambayo hata yeye alikuwa haihesabu, yenye marejeleo machache, ilipita 1 bila shida, na ile aliyojivunia kwa marejeleo mengi ilikuwa chini yake. Alikunja uso. Nami nikajifunza kwamba namba hiyo nisimpe mtafiti bila kwanza kukaa chini naye. Ina kasoro zake pia: isiyokuwepo PubMed haina alama, na mizani yenyewe imetengenezwa kwa wenye fedha za Marekani.

Lililonibadilisha zaidi lilikuwa kufungua makala zilizomrejelea. Nilipakua zote nilizoweza kuzipata, nikachapisha kurasa zenye rejeleo lake tu, nikachukua kalamu tatu za rangi. Njano kwa aliyemtaja akipita. Kijani kwa aliyeitumia kazi yake, iwe dodoso, mbinu au takwimu. Nyekundu kwa aliyempinga. Tukazitandaza kwenye meza ndefu ya chumba cha mikutano, Dokta na chai yake ya tangawizi, mimi na orodha.

Meza ikawa ya njano. Karibu kila ukurasa ulikuwa na sentensi ileile ya utangulizi, kwamba kifafa ni mzigo mkubwa Afrika, ikifuatiwa na mabano. Mmoja uliandika [4–11]. Katika orodha ya marejeleo Dokta alikuwa namba 7. Tarakimu 7 yenyewe haikuchapwa popote katika sentensi ile. Imo ndani ya kile kistari kati ya 4 na 11. Kanzidata inalihesabu hilo kuwa moja, kamili.

Kijani zilikuwa chache. Kundi moja la nchi jirani lilikuwa limechukua dodoso lake la kubaini kifafa nyumba kwa nyumba, likaeleza jinsi maswali yalivyoulizwa kwa mkuu wa kaya, wapi watu walisita kujibu kwa kuogopa kunyooshewa kidole, na wagonjwa ambao dodoso liliwapita. Jina lake lilionekana humo aya hadi aya. Kanzidata ilihesabu moja pia, kwa sababu makala inayorejelea huhesabiwa mara moja hata ikikutaja mara ishirini.

Nyekundu ilikuwa moja. Mwandishi wake alisema makadirio ya Dokta ni ya chini, kwa sababu anayeuliza mlangoni kama kuna mtu anayeanguka na kutetemeka hatampata mtoto anayeduwaa kwa sekunde chache halafu akaendelea kucheza. Hoja yenyewe ni nzito: hata utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi tano za Afrika, huko Kilifi, Ifakara, Iganga, Kintampo na Agincourt, uliopita kwa watu zaidi ya laki tano na kuchapishwa katika jarida la Lancet Neurology mwaka 2013, ulihesabu kifafa cha mitetemeko tu. Nilidhani Dokta atakasirika. Alivuta ukurasa ule, akausoma wote akiwa amesimama, akasema, "Huyu ndiye aliyenisoma." Akaniomba baruapepe ya mwandishi.

Tangu siku ile mtu akiniambia amerejelewa mara mia tatu, nauliza zingapi ni kijani. Na kijani nazo si za aina moja. Katika sayansi ya ubongo kazi zinazorejelewa kupindukia mara nyingi ni vifaa. Mwaka 1971 R.C. Oldfield alichapisha dodoso fupi la kujua kama mtu anatumia mkono wa kulia au wa kushoto. Kila anayepiga picha za ubongo anahitaji kulijua hilo kuhusu watu wake, basi anaandika Oldfield, na marejeleo yamefika makumi ya maelfu. Karl Friston wa University College London, mmoja wa wanaorejelewa zaidi duniani katika fani hii, ana nadharia zake zinazobishaniwa, lakini sehemu kubwa ya namba zake inatoka kwenye SPM, programu ya kuchambua picha za ubongo aliyoianzisha na kuigawa bure. Anayeitumia humtaja. Sioni ubaya. Kutengeneza jembe ambalo dunia nzima inalimia ni mchango mkubwa. Ila kamati ikisoma namba ile ikadhani ni idadi ya watu waliokubaliana na mawazo yake, imesoma kitu kingine.

Sasa nije kwenye jambo lililoleta mvutano. Katika orodha ya waombaji ya mwaka ule alikuwemo mhadhiri mwingine, kijana, h-indeksi yake ikimwacha Dokta mbali sana. Nilipofungua orodha yake nikakuta nyingi ni makala za mradi wa kukadiria mzigo wa magonjwa duniani, unaoratibiwa kutoka Seattle. Makala zake hutoka Lancet na dada zake, Lancet Neurology ikiwemo, zikibeba majina ya washiriki kwa mamia kutoka kila pembe. Kiharusi, kifafa, kipandauso, vyote vimo, na kila anayeandika utangulizi duniani hunyakua takwimu zake humo. Mtu akishiriki, rejeleo lote ni lake, na ni la kila mwenzake, zima, bila kugawanywa.

Watu walianza kumsema kijana yule vibaya korido, nami sikuipenda. Alikuwa ametuma takwimu, amesoma rasimu, amefanya alichoombwa. Kinachotakiwa ni kutenganisha. Nilimtengenezea jedwali la makala ambazo yeye ni mwandishi wa kwanza au wa mwisho, maana katika fani hizi wa kwanza ndiye aliyefanya kazi na wa mwisho ndiye aliyeiongoza, kisha jedwali la pili la kazi za ushirika mpana. Jedwali la kwanza lilikuwa fupi, lakini lilikuwa na makala mbili nzuri juu ya kiharusi ambazo katika ule msitu hakuna mjumbe angeziona. Yeye mwenyewe alinishukuru. Dokta nilimfanyia vilevile, na kwake jedwali la kwanza ndilo lililokuwa refu.

Mjumbe wa Hirsch hakuachia hapo. Alisema, na nayaandika maneno yake kwa haki: "Bila namba, tutarudi kwenye kujuana." Hoja hiyo siwezi kuipuuza. Nimekaa nchi hii vya kutosha kujua kwamba barua nzuri ya mapendekezo inaweza kuandikwa na shemeji. Namba haina shemeji. Lakini namba inalimwa pia. Wapo wanaojirejelea wenyewe kila aya, wapo wanaorejeleana kwa mapatano, na yapo majarida ya kitapeli yatakayochapa chochote ukilipa ada. Na hata bila hila yoyote ya mwandishi, kurejelewa si ushahidi kwamba kazi ni sahihi. Makala ya mwaka 2006 katika jarida la Nature, iliyodai aina moja ya protini ya amiloidi huharibu kumbukumbu za panya, ilirejelewa zaidi ya mara 2,000 katika utafiti wa Alzheimer. Mwaka 2022 picha zake zikahojiwa hadharani, na 2024 ikaondolewa. Marejeleo yake yote bado yamo kwenye kanzidata.

Nilimpelekea mjumbe tamko la San Francisco, lililotokana na mkutano wa wanabiolojia wa seli mwishoni mwa 2012, linalosema impakti fakta ya jarida, yaani wastani wa marejeleo ya makala zake, isitumike kumpimia mtafiti mmojammoja. Akalisoma, akaniuliza: sawa, sasa tutumie nini? Swali la haki. Matamko ni mepesi kuyasaini.

Tulichokubaliana, baada ya vikao vya kuchosha, ni hiki. Mwombaji anachagua makala tano anazoona ni zake hasa, anaeleza kwa aya moja moja alifanya nini katika kila moja na nani ameitumia. Mimi nakagua hayo madai kwa kufungua makala zilizomrejelea, kwa kalamu zilezile tatu. Wasomaji wawili wa nje ya chuo, wa fani ndogo ileile, wanazisoma hizo tano zenyewe. Kazi imeongezeka, sifichi. Faili moja linanichukua muda ambao zamani ningemaliza kumi.

Lipo tulilokwama. Dokta alikuwa ameandika kijitabu cha Kiswahili cha kuwasaidia wahudumu wa zahanati kutofautisha degedege na kifafa, na kuwaambia wamwanzishie mgonjwa dawa gani na kwa kiasi gani. Hakina DOI, ile namba ya kudumu ya kulitambulisha chapisho mtandaoni, hakimo kanzidata yoyote, hakijawahi kurejelewa na mtu. Tulikiambatisha pamoja na barua za zahanati zinazokitumia. Kamati ilikitoa kwenye fungu la machapisho ikakihamishia huduma kwa jamii, ambako pointi ni chache. Nilibisha, nikashindwa. Mjumbe wa Hirsch, nashangaa hadi leo, alikuwa upande wangu.

Cheo alikipata, kwa makala zile tano. Kisanduku cha h-indeksi bado kiko kwenye fomu, na bado nakijaza. Naandika namba, naandika kanzidata iliyoitoa na tarehe niliyoifungua, na chini yake, kwa kuwa fomu ina nafasi ya mstari mmoja, naandika makala ngapi kati ya hizo yeye ni wa kwanza au wa mwisho. Mwezi uliopita ofisi ya utawala ilinirudishia fomu moja wakitaka nifute mstari huo kwa kuwa haukuombwa. Nimewajibu kwa barua, nasubiri.